Redio ya digitali Kisumu: bonyeza kitufe kabla ya kuchapisha bango

Swali la msomaji:

"Mwalimu, nina duka la redio, simu na spika karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Msambazaji mmoja ananisukumia katoni za redio ndogo zilizoandikwa 'Digital' na 'DAB+'. Anasema FM inakufa kama zilivyokufa TV za zamani, na nikianza sasa nitakuwa wa kwanza Nyanza na Magharibi yote. Redio ninazouza ni za shilingi 1,200. Hizi ni 3,800. Nimepanga bango, gari la spika hadi Luanda na Mumias, na tangazo kwenye stesheni ya hapa. Nipe maneno ya kumwambia mwananchi mpaka ashike. Na nichukue katoni ngapi?"

Ndugu yangu, bango lisubiri. Mwombe msambazaji redio moja, hata ya kuazima, uiweke juu ya kaunta. Vuta antena hadi mwisho, chagua DAB, bonyeza kitufe cha kutafuta stesheni, kisha mhudumie mteja mwingine kwa dakika mbili. Ukirudi, kioo kitakuwa kimeandika idadi ya stesheni zilizopatikana. Baadaye ipandishe boda, uende nayo Luanda na Mumias, urudie hivyo hivyo kila mahali unapotaka kupeleka gari la spika. Maneno matamu ninayo ya kujaza bango zima, ila kioo kikisoma sifuri, mteja wa Mumias atakurudishia kifaa chako siku ya soko, mbele ya watu, na hataongea polepole.

Mimi nategemea sifuri. Ramogi, Mulembe, Citizen, Maisha, Radio Taifa, Radio Lake Victoria, zote unazozijua zinakufikia kwa FM. Na hapo ndipo wauzaji wengi hunaswa: redio hizi za DAB+ karibu zote zina FM ndani yake. Msambazaji akija dukani anabonyeza FM, benga inalia vizuri, wewe unadhani umesikia digitali. Umesikia FM ya kila siku kwa bei mara tatu.

Neno lenyewe ni tatizo. Nenda Kibuye Jumapili uulize redio ya digitali. Muuzaji wa kwanza atakupa ile inayoonyesha namba kwenye kioo badala ya mshale. Wa pili atakupa ile ya kuchomeka flashi na memori kadi, ambayo wazee hujazia nyimbo na mahubiri. Wa tatu atatoa simu mfukoni akuambie stesheni zote siku hizi ziko kwenye intaneti. Hakuna aliyekudanganya, lakini hata mmoja wao hajakuuzia kilichoandikwa kwenye katoni yako. DAB+ ni sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu, ikarushwa hewani kutoka mnarani bila kula data ya simu, hadi kwenye redio iliyotengenezwa kuelewa tarakimu hizo. Mnara usiporusha, redio haina cha kushika. Ipo pia DRM, mfumo mwingine wa redio ya digitali, ambao hupita kwenye masafa ya kati na mafupi na kwenda mbali zaidi. India imeuweka kwenye mitambo yake mingi. Redio ya DAB+ haishiki DRM ila iwe imetengenezwa kwa zote mbili, kwa hiyo ukiambiwa "digitali ni digitali" jua anayekuambia hajafungua kile kijitabu cha maelezo.

Kwetu Kenya neno hili lina kidonda pia. Mwaka 2013 siasa ililipakia kwenye lori: upande mmoja ukajiita digitali, wengine wakaitwa analogi, na tangu hapo kumwita mtu analogi ni kumwambia amezeeka. Baadaye ikaja TV. Mimi wakati huo nilikuwa Nakuru, kampuni moja imenikodi kuuza ving'amuzi kwa gari la spika. Walituandikia wimbo wa kupiga kelele Kenyatta Avenue na pale Wakulima, wenye maneno "Usiwe analogi!" Siku ya tatu mama mmoja muuza viazi aliniita kando, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani TV yangu imekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama juu ya gari asubuhi nzima nikiwatusi watu niliotaka wanipe pesa zao.

Kilichouza ving'amuzi hatimaye hakikuwa wimbo wetu. Februari 2015 mitambo ya analogi ilizimwa, NTV, KTN na Citizen zikakaa kimya karibu wiki tatu, na ziliporudi zilirudi kwa digitali. Watu walinunua kwa sababu taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa imepotea nyumbani. Wengine walinunua kwa hasira. Na kulikuwa na wale waliotangulia, waliotii mapema, wakanunua ving'amuzi vya mfumo wa kwanza uliozinduliwa Desemba 2009. Nchi ikahamia mfumo mpya wa DVB-T2 na vile vya kwanza vikawa visanduku vya kuwekea sukari. Hao ndio majirani wa wateja wako. Ukisema "nunua mapema uwe wa kwanza", kuna mtu Kondele atakayekumbuka alikuwa wa kwanza mara ya mwisho.

Sasa hili la FM kufa. TV ilikuwa na siku yake: nchi nyingi zilikubaliana chini ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, kwamba ifikapo 17 Juni 2015 mawimbi ya analogi ya TV hayatalindwa tena. FM haina siku kama hiyo. Hakuna mkataba wa kimataifa unaoiamuru Kenya kuizima. Norway ilizima FM ya kitaifa mwaka 2017 kwa uamuzi wake yenyewe, ikianzia mkoa wa Nordland tarehe 11 Januari na kumalizia Desemba, mkoa baada ya mkoa. Hata huko stesheni ndogo nyingi za mitaa ziliachwa kwenye FM. Na kabla ya kuzima, shirika la utangazaji la taifa lilitakiwa kwanza liwe limefikisha DAB kila mahali ilipofika FM yake kuu. Mnara ulitangulia, tangazo likafuata. Msambazaji wako ameanza na mkia.

Kama kuna hadithi moja ya kukaa nayo usiku kabla ya kulipa, ni ya Uingereza, kwa sababu walikosea sana kabla ya kupatia. BBC ilianza kurusha DAB mwaka 1995. Kwa miaka kadhaa walitangaza sauti safi kama ya sidii, na karibu hakuna aliyenunua. Redio zenyewe ziliuzwa kwa mamia ya pauni, na stesheni zilizokuwemo nyingi zilikuwa zile zile za FM. Nani atoe pesa hizo kununua anachokipata bure? Mwaka 2002 mambo mawili yakatokea pamoja. Kampuni ya Pure ikatoa redio ya jikoni, Evoke-1, kwa pauni 99. Na BBC ikafungua stesheni ambazo huzipati FM hata ukipanda mlima, mojawapo ikiitwa 6 Music. Hapo watu wakaanza kununua.

Lakini sehemu ninayoipenda ni ya 2010. BBC ilitaka kuifunga 6 Music ili kubana matumizi. Wasikilizaji wakalia, wakaandika barua, wakaandamana, idadi yao ikaongezeka badala ya kupungua, na Julai mwaka huo bodi ya usimamizi ya BBC ikalikataa pendekezo hilo. Tazama vizuri walichokuwa wakikilinda. Walikuwa wanalinda watangazaji wao na nyimbo zao. DAB kwao ilikuwa barabara tu ya kufikia nyumba ya rafiki. (Mwaka huo huo Waingereza walipewa punguzo la bei wakirudisha redio za zamani dukani, na baadhi ya hizo za zamani zilikusudiwa kuletwa Afrika. Sisi tena.)

Nasi tulikuwa na yetu. Setilaiti ya AfriStar ilirushwa tarehe 28 Oktoba 1998 na kampuni ya WorldSpace, ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, kwa nia njema kabisa ya kuwafikishia Waafrika redio ya digitali kutoka angani. Setilaiti ilifanya kazi, sauti ilikuwa safi. Ila redio yake iligharimu mamia ya dola ilipoanza, antena ilibidi ielekezwe angani kama mtu anayeomba mvua, na baadaye stesheni nyingi zikawa za kulipia. Mkulima wa kawaida, aliyekusudiwa, hakuinunua. Kampuni ilifilisika mwaka 2008. Ninayo redio yake moja hapa kabatini Nakuru. Ni nzuri kuitazama.

Sitaki uondoke ukidhani teknolojia yenyewe ni takataka. Siku mnara wa DAB+ utakapowaka Kisumu utakuwa na kitu cha kweli cha kuuza, na nataka uwe umejiandaa. FM ni kama kila stesheni kuwa na gari lake, dereva wake na mafuta yake. DAB+ ni matatu moja: mtambo mmoja, umeme mmoja, upana wa masafa wa takriban megahezi 1.5, na ndani yake unaweza kupakia hata stesheni 18 zenye sauti ya kuridhisha. Fikiria Nakuru. Hapa mtu anataka Inooro, jirani anataka Kass, wa ng'ambo anataka Ramogi, mwingine Mulembe, mwingine Egesa, na wote ni wakazi halali wa jiji hili. Mamlaka ya Mawasiliano imesema kwa miaka kwamba masafa ya FM kwenye miji mikubwa yamejaa. Matatu ya DAB+ ndiyo nafasi ya stesheni ya lugha ndogo, ya wavuvi, ya wakulima wa miwa, ambayo leo haina mahali pa kukaa. Hapo ndipo tangazo lako litakapokuwa na nguvu: "Redio ya watu wa kwenu ipo, lakini si kwenye FM."

Jambo la pili linaloeleweka hata na mtoto ni namba. Panda basi Kisumu uende Nakuru ukisikiliza stesheni moja. Ahero bado iko, ukikaribia Kericho inakwaruza, utafute namba nyingine, ukifika Molo namba imebadilika tena. DAB+ hutafuti namba, unachagua jina, na minara kadhaa inaweza kurusha kwa masafa yale yale bila kugombana. Dereva atakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Madereva, hata hivyo, wana lao. Magari mengi tunayoagiza mitumba yametengenezwa kwa soko la Japani, ambako FM kwa kawaida ilikomea 90, ndiyo maana mafundi wanafunga ekspanda ili upate stesheni za mia na kitu. Japani haitumii DAB, kwa hiyo redio za magari hayo hazina habari nayo. Yaliyotoka Uingereza ndiyo unaweza kukuta yana kitufe cha DAB, na mwenye gari amekuwa akijiuliza ni cha nini.

Kisha kuna mabaya, na haya uyaseme wewe kabla mteja hajayagundua. FM ikichoka inakwaruza, na sisi tumezoea kusikiliza mechi kwenye mkwaruzo. Baba yangu aliamini mkwaruzo ni sehemu ya mpira. Digitali haikwaruzi. Inabubujika kidogo kama mtu anayesukutua, halafu kimya kabisa. Uwanda wa Kano uko tambarare, huko kunaweza kuwa kwema. Lakini nyuma ya vilima vya Maragoli au chini ya mwinuko wa Nandi, nyumba moja itashika na ya pili isishike. Kwa hiyo usimwonyeshe mtu ramani iliyopakwa rangi. Mwandikie orodha ya vijiji ulivyopima mwenyewe.

Pia sauti huchelewa sekunde mbili tatu, wakati mwingine zaidi. Linaonekana dogo hadi siku Gor Mahia wanacheza na AFC Leopards. Kinyozi mwenye FM anaruka bao limeingia, mteja wako wa redio ya 3,800 bado anasikia kona ikipigwa. Atakuchukia.

Na mawe. Redio za kwanza za DAB zilisifika kwa kula betri. Za sasa ni nafuu zaidi, lakini pima: weka mawe mapya, iwashe asubuhi kwa DAB ikiwa kuna mawimbi, na kwa FM kama hakuna, uandike saa ilipozima. Mteja wa Luanda atakuuliza hilo kabla ya sauti, kwa sababu anashindana na simu yake ya mulika mwizi, ambayo ina FM ndani, haili data, na inakaa na chaji siku kadhaa. Huyo ndiye mpinzani wako halisi. Usimdharau.

Gari la spika, nakushauri uliache kabisa kwa bidhaa hii, hata siku mnara utakapowaka. Spika ya gari huwezi kuitumia kuonyesha sauti safi. Kila kitu kinalia kama mnada wa ng'ombe. Redio inauzwa kwa kusikika mahali watu wamekaa. Mpe kinyozi mmoja Kondele, mama wa kibanda cha chai, na fundi wa pikipiki kwenye steji ya boda, kila mmoja redio moja kwa wiki mbili, bila bango lolote juu yake. Stesheni iwe ile isiyopatikana FM. Atakayeuliza "hiyo ni stesheni gani?" ndiye mteja wako, na jibu litatolewa na mtu anayemwamini, kwa Kiluo au Kiluhya, bila wewe kuwapo.

Bei nayo ina dawa tunayoijua. M-KOPA walipoanza kuuza vifaa vya sola mwaka 2012, redio ikiwa ndani yake, walimwacha mtu alipe kidogo kila siku kwa M-Pesa. Shilingi 3,800 kwa mkupuo ni karo. Kwa 40 kila siku ni siku 95, na mtu wa boda anaweza kuzihesabu kichwani. Lakini mkopo unamfanya mtu akumbuke ahadi yako kila jioni anapolipa. Kifaa kikiwa kimya, ataacha kulipa siku ya tano, na atakuwa na haki: Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 hairuhusu kumwambia mnunuzi kuwa bidhaa inafanya kazi isiyoifanya. Na aliyemwambia ni wewe. Msambazaji hatakuwapo.

Lile tangazo kwenye stesheni ya hapa limenichekesha kidogo, samahani. Unakwenda kumlipa mwenye FM atangaze kwamba FM inakufa. Anaweza kuzichukua pesa zako, lakini mtangazaji atalisoma kama tangazo la mazishi ya jirani asiyempenda. Australia walipoanzisha DAB+ mwaka 2009, stesheni za biashara zenyewe ndizo zilizoipigia debe hewani, kwa sababu zilikuwa ndani yake na zilikuwa na stesheni mpya za kujaza. Uingereza nayo iliwapa wenye stesheni sababu: ukiingia DAB, leseni yako ya FM inaongezewa muda. Mwenye stesheni akiwa hana faida, usitegemee mdomo wake.

Kwa hiyo katoni: usichukue hata moja. Kama umezipenda spika zake, na baadhi kweli zina spika nzuri, chukua redio tano kwa makubaliano ya kurudisha zisizouzika, uziuze kama redio za FM zenye sauti nene, na mwambie mteja wazi kwamba kitufe cha DAB leo hakina kazi Kisumu. Hakikisha tu sandukuni kuna ile alama ya kujumlisha. DAB bila plasi ni mfumo wa zamani. Tangu DAB+ ilipotoka mwaka 2007, redio nyingi za zamani haziwezi kuishika, na kuna watu duniani wanaotafuta soko la kutupia hizo. Kwenye kadi ya bei andika hivi: "FM. Spika kubwa. Mawe manne, saa kadhaa" (uweke namba uliyoipima wewe) "Shilingi 3,800, au 40 kwa siku." Neno digitali lisiwepo.

Na msambazaji akirudi na ile habari ya kuwa wa kwanza Nyanza, mpe kalamu na karatasi. Akuandikie ni mnara upi unaorusha DAB+ unaofika Kisumu, kwa masafa gani, na stesheni zipi zimo, kisha aweke muhuri wa kampuni yake. Karatasi hiyo ipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano, wanaogawa masafa, uwaulize kama wanaitambua. Wakiitambua, niandikie siku hiyo hiyo, nije Kisumu na ile redio yangu ya kabatini tuiweke dirishani pako, tukae kwa samaki pale Dunga tuandike hilo bango.